Nyanya Hakuuza Shanga

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema mtu akiandika na hasira, msomaji ataiona tu, hata ikifichwa chini ya maneno mazuri. Basi mimi siifichi. Nina hasira na kifungu cha ufahamu cha mtihani wa pamoja. Nina hasira na swali la nne la kifungu hicho. Nina hasira hasa na mtu nisiyemjua jina, ambaye alikuja kwetu Kakuma, akapewa kiti cha plastiki tulichoazima kwa jirani, akanywa strungi yetu, chai ya rangi yenye sukari ya kutosha, halafu akaenda kuandika alivyoandika.

Mimi si mtu wa kusema. Mtu akiniita ghafla darasani, sauti hukwama kooni na machozi hujaa machoni bila sababu. Niko kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Lodwar, ya wavulana na wasichana, na kuna wavulana wa darasa letu ambao walikuwa hawajui sauti yangu ikoje. Kuandika naweza. Ukiandika hakuna mtu anayekutazama mdomo.

Mwalimu wetu huyo wa Kiswahili alitoka Kenya. Huku Turkana tunasema hivyo, kwamba mtu ametoka Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Maana yake ametoka kusini, chini ya Kitale. Alipofika tulimpa muhula mmoja. Walimu wengi wa kutoka Kenya huonja joto la Lodwar, huona vumbi la mchana na maji yanavyokatika, kisha huanza kuumwa mgongo na kuomba uhamisho. Huyu alimwagia godoro lake maji ili apate usingizi, kama tunavyofanya sisi bwenini, na akabaki. Ndiyo maana nilimpenda. Ninaliandika hilo kwa sababu baadaye nilimkasirikia sana, na sitaki ionekane nilikuwa namchukia tangu mwanzo.

Muhula wa kwanza alitufundisha jambo ambalo sikujua mtu anaweza kufundishwa. Aliingia na gunia tupu la unga wa msaada, akalitundika kwenye msumari wa ubao. Lilikuwa limeandikwa kwamba unga huo hauuzwi. Akatuuliza ni nani ameandika maneno yale, amemwandikia nani, na anataka nini kwake. Darasa likacheka, kwa sababu kila mtu alijua gunia hilo limenunuliwa sokoni. Yeye akasema vizuri, basi tuanzie hapo. Siku nyingine alileta tangazo la chifu kuhusu kisima, siku nyingine karatasi ya mkutano wa injili iliyobanduliwa ukutani, siku nyingine tangazo la mkopo wa simu. Maswali yalikuwa yale yale. Kila anayeandika ana haja yake, alisema, itafute haja hiyo kabla hujaamini neno lolote. Halafu uangalie amesimama wapi, maana aliye juu ya gari hajui vumbi kama anayelila nyuma ya gari. Halafu uangalie nani yumo ndani ya maneno hayo na hajapewa nafasi ya kusema.

Nilianza kusoma kila kitu hivyo. Makopo ya mafuta, kuta za choo, hata ujumbe wa shangazi wa kuniombea baraka, ambao haja yake ilikuwa nimletee mafuta ya nywele kutoka Lodwar.

Darasa letu lakini lilikuwa na ugonjwa wake. Kiranja wetu, kijana mrefu wa kutoka Kalokol, alikuwa amegundua dawa ya swali lolote la lengo la mwandishi. Unaandika kuelimisha, kuburudisha na kushawishi, zote tatu, kila mara. "Tupa wavu mkubwa," alikuwa akisema, "samaki mmoja ataingia tu." Na alikuwa akipata alama, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha haukosi mojawapo. Mwalimu alimwuliza siku moja kama hata tangazo la kifo linaburudisha. Kiranja akasimama na adabu zake zote. "Mwalimu, inategemea nani amekufa." Mwalimu aligeukia ubao na mabega yake yakawa yanatikisika.

Hayo yote yalikuwa mazuri. Halafu ukaja mtihani wa pamoja, ile karatasi moja inayofanywa na shule nyingi za huku kwa wakati mmoja, na kusahihishwa kwa mwongozo mmoja.

Kifungu cha ufahamu kilikuwa na neno jangwa kwenye kichwa. Sikushtuka, tumezoea, tukiandikwa lazima kuwe na jangwa. Chini kabisa waliandika kwamba kimetolewa katika jarida la wafadhili. Aya ya kwanza ilikuwa jua, mizoga na upepo. Aya ya pili ilimleta mwanamke mzee anayeishi nje ya mji wa Kakuma. Ana kovu chini ya jicho la kushoto. Kibanda chake kimefunikwa turubai la buluu upande mmoja. Ameketi juu ya gurudumu la lori lililovikwa ngozi ya mbuzi.

Hapo mkono wangu ulisimama. Wazee wenye makovu ni wengi, na maturubai ya buluu yamejaa Kakuma nzima. Lakini gurudumu lililovikwa ngozi ili lisichome wakati wa jua, hilo liko kwetu. Babu aliliokota kando ya barabara ya Lokichoggio akalivingirisha mwenyewe mpaka nyumbani, na watu walimcheka njia nzima. Anayelikalia sasa ni nyanya yangu. Sisi tunamwita ata.

Nikasoma polepole. "Shingo yake iko tupu," mwandishi alisema. "Shanga alizovaa tangu usichana ameziuza, uzi mmoja baada ya mwingine, ili wajukuu wapate kula." Na chini yake kidogo: "Nyuma ya kibanda anachungulia mjukuu wake, msichana ambaye hajawahi kuingia darasani. Hana la kusema. Njaa imemnyang'anya sauti."

Nilisoma maneno hayo nikiwa darasani, kalamu mkononi, sare mwilini. Nilitazama kushoto na kulia. Wote walikuwa wameinama wanaandika. Hakuna aliyejua kwamba msichana huyo asiyejua darasa amekaa katikati yao anafanya mtihani.

Siku yenyewe ilikuwa hivi.

Nilikuwa kidato cha kwanza, tumefunga shule. Babu alikuwa amekufa majuzi tu. Kwetu mke akifiwa na mume hunyolewa nywele na kuvua shanga zote, zile ambazo havui hata akilala, hata akioga. Ata alikuwa na shanga nyingi mpaka kidevu kilikuwa kikiegemea juu yake. Alipozivua, shingo ilibaki na rangi nyingine, laini kama ya mtoto mchanga, kwa sababu haikuwa imeona jua tangu alipoolewa. Nilikuwa naona haya kuitazama. Shangazi mkubwa alizipokea, akazifunga kwenye ngozi, akazitundika ndani ya akai, kile kibanda cha kulala. Zilikuwa zikae humo mpaka wanawake wa ukoo waone wakati umefika, mbuzi achinjwe, zipakwe mafuta, avishwe tena. Mpaka wakati huo, shingo tupu ndiyo kilio chenyewe. Ata hakulia kwa sauti baada ya mazishi. Shingo ilikuwa inamlilia.

Ndipo likaja gari jeupe na mwanamke mwenye kamera na kijana wa mjini wa kumtafsiria. Walikuwa wametoka kambini kwa wakimbizi, wamemaliza kule, sasa wakataka na wenyeji kidogo. Mimi nilikuwa nimefua sare yangu na kuianika juu ya miiba ya mti wa mathenge, nimejifunga shuka la kufanyia kazi. Nilipoona wageni nilikimbia nyuma ya akai, kama ninavyofanya kila mgeni akija, hata akiwa katekista tu. Kutoka huko niliona yule mwanamke akigusa shingo yake mwenyewe na kuuliza. Ata akamjibu kwa Kiturkana kwamba zimetolewa, baba wa watoto ameondoka. Maneno machache tu. Mtu yeyote wa kwetu angeinamisha kichwa. Yule kijana aliinamia simu yake, halafu akaenda kuongea na mgeni kando ya gari, na alichomwambia sikukisikia. Kama ni yeye aliyefupisha au ni mgeni aliyejaza mwenyewe, sijui. Ninachojua ni kwamba waliniona. Mgeni alinipungia mkono, nikajikunja zaidi, akapiga picha. Shati langu lenye nembo ya shule mfukoni lilikuwa linapepea karibu na kichwa chake. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Sasa swali la nne. Liliuliza lengo la mwandishi ni lipi, mtazamo wake kuhusu mwanamke huyu ni upi, na kwa nini msichana hakusema chochote.

Niliandika kwa herufi kubwa kuliko kawaida yangu. Kwamba lengo lake ni kumfanya mtu wa mbali aone huruma ili atoe mchango. Kwamba anamwona mwanamke huyu kama njaa iliyokaa chini, si kama mtu aliyefiwa, na ameuliza swali bila kungoja jibu. Kwamba msichana ana haya, na hakuulizwa. Halafu nikaongeza, ingawa hakuna aliyetaka kujua, kwamba shanga hazikuuzwa.

Karatasi iliporudi, swali lote la nne lilikuwa na sifuri. Pembeni, kwa wino mwekundu: rejelea kifungu. Majibu sahihi yalikuwa kwamba lengo ni kuelimisha jamii kuhusu athari za ukame, mtazamo ni wa huruma na matumaini, na msichana hakusema kwa sababu ya njaa na ukosefu wa elimu. Kiranja na wavu wake alipata.

Ninayekaa naye dawati moja ni msichana wa kambini. Wazazi wake walitoka Kongo, na Kiswahili chake, ambacho wa- ni ba- na mahali ni fasi, hulifanya darasa licheke kila akisoma kwa sauti, na yeye husoma kwa sauti zaidi ili wacheke vizuri. Yeye peke yake ndiye niliyemwambia. Alisoma kile kifungu tena, akanitazama, akanirudishia.

"Balikuandika mara moja tu na unalia? Miye balishaniandika mpaka sijijue. Kuko fasi balisema niko yatima. Mama alisoma ile, akacheka, sasa kila siku akipakua ugali anaita, yatima, kuya kula."

Nikacheka na pua ikatoka kamasi. Halafu akasema niende kwa mwalimu, kwa sababu kucheka hakutanipa alama.

Nilikwenda. Afisi ya walimu ilikuwa na watu, feni inazunguka polepole, na mimi nikasimama mlangoni mpaka mwalimu mmoja akaniuliza kama nimekuwa pazia. Nilimpa wa Kiswahili karatasi bila kusema. Akasoma swali la nne, akasema nimeandika vizuri sana ila nimetoka nje ya kifungu. Nikamwambia kwamba hapo ni nyumbani kwetu. Hakusikia. Nikarudia. Akaweka kikombe chini.

Nikafikiri sasa atachukua ile kalamu nyekundu. Badala yake alisema, "Binti, hata kama ni nyumbani kwenu, mtihani haujui. Jibu linatoka kwenye kifungu."

Alinieleza kwa upole. Mwongozo umekuja pamoja na karatasi, hana ruhusa ya kuubadilisha. Mwakani mtihani wa mwisho utasahihishwa na mtu asiyejua Kakuma wala nyanya yangu, na mtu huyo atatafuta maneno yaliyo kwenye mwongozo, basi. Yeye anataka nipite. Niliamini kweli anataka nipite, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya na hasira yangu. Huyu ndiye aliyetufundisha kumtafuta mtu ambaye yumo lakini hakupewa nafasi ya kusema, na sasa nimemletea mtu huyo, anapumua mbele yake, naye ananiambia nirejelee kifungu. Nilitaka kusema hayo. Nilichukua karatasi yangu nikasema asante mwalimu. Asante, kweli. Nilijichukia mpaka bwenini.

Tulipofunga kwa likizo fupi nilikwenda Kakuma na karatasi ile kwenye mfuko. Ata alikuwa amevishwa shanga zake zamani, anasuka kikapu cha makuti ya mkoma, amekalia gurudumu lake. Nilimtafsiria kifungu kwa Kiturkana, sentensi kwa sentensi. Nilitarajia akasirike mwanzo mpaka mwisho, lakini mwanzo alifurahi. Alicheka kusikia kwamba gurudumu limefika kwenye mtihani wa watoto, akasema babu angesikia hilo angejivuna. Kuhusu njaa alisema ni kweli, mwaka huo kulikuwa na njaa, hata mimi nilikuwa na shingo ya mbuni. Kuhusu msichana ambaye hajawahi kuingia darasani alisema ningetoka na kusema ejok tu, salamu yetu, ingetosha. Hapo nilinuna.

Halafu nikafika kwenye shanga. Alinifanya nirudie. Mikono iliacha kusuka.

"Niliuza?"

"Ndivyo alivyoandika, ata."

Akaniuliza ni nani amesoma hayo. Nikamweleza jinsi mtihani wa pamoja ulivyo, kwamba ni shule nyingi, ya kwetu Lodwar, za Kalokol, za Namoruputh, za Kaaleng.

"Kaaleng pia?"

Nikasema Kaaleng pia, na nilipokuwa nasema ndipo nikaelewa. Kaaleng ndiko kwa ndugu za babu. Ndio waliompa ata zile shanga, za kwanza alivishwa na mama mkwe wake. Mjane akiuza shanga na kaburi la mume bado bichi, amesema mbele ya watu wote kwamba mtu huyo hakuwa kitu kwake. Si umaskini huo. Njaa watu wangeielewa, njaa kila mtu ameiona. Lakini kuna vitu vya kuuza na kuna vitu ambavyo mtu hufa navyo. Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia jina lake halikuandikwa mahali popote, watoto hao hawatajua ni nani.

"Gurudumu wanalijua," alisema. "Walikuja wote mazishini. Walilikalia kwa zamu."

Nilikunja karatasi nikairudisha mfukoni.

Alikaa akitazama upande wa laga, ule mto mkavu, mchanga mtupu na mathenge. Nilifikiri amemaliza. Kisha akasema kama mtu anayetuma mtoto dukani, "Wewe unakaa na hao wanaosoma. Waambie."

"Ata, mimi siwezi kusema mbele ya watu."

"Nani amekuuliza kama unaweza?"

Hakuniongelesha tena mpaka niliporudi shule, ila alinipa nyama ya kukausha ya njiani, kwa hiyo najua hakuwa amenikasirikia mimi hasa.

Wiki tuliyofungua, mwalimu alileta karatasi ile ili tusahihishe pamoja darasani. Alimpa kiranja asome kifungu kwa sauti. Kiranja husoma kama mtu wa redio, anavuta maneno, anapumzika mahali pa kusikitisha. Alipofika kwenye shingo tupu alipunguza sauti vizuri sana, na wasichana wawili mbele yangu wakafanya ule mlio wa huruma. Nilikuwa nimejiambia nitangoja amalize, niinue mkono, niombe ruhusa. Sikungoja. Aliposema msichana hana la kusema, mimi nilikuwa nimeshasimama na kiti kimeanguka nyuma yangu.

"Nyanya yangu hakuuza shanga."

Kutoka nyuma, mvulana mmoja akasema, "Kumbe huyu huongea?" na darasa zima likapasuka. Mwingine akauliza kama nyanya yangu ndiye wa gurudumu, tumpigie mekanika. Jirani yangu wa dawati akamgeukia akamwambia kitu kwa Kifaransa ambacho hakikuhitaji tafsiri. Mimi nilikuwa nalia na nasema kwa pamoja, Kiswahili kinakatika, Kiturkana kinaingia, kamasi pia. Nilisema kuhusu babu. Nilisema kuhusu ngozi iliyotundikwa ndani ya akai. Nilisema ata alivyojibu, maneno yale yale kwa Kiturkana, kwamba zimetolewa, baba wa watoto ameondoka.

Hapo Waturkana wote darasani walinyamaza. Ilikuwa kama mtu amezima kitu. Wale wa kutoka Kenya na wa kambini waliendelea kucheka kidogo, halafu wakaona wanacheka peke yao, wakaanza kuuliza nini, amesema nini. Yule yule wa mekanika ndiye aliyewaeleza, anatazama dawati lake. Kiranja alikuwa bado ameshika karatasi juu.

"Alikuwa matangani?" aliniuliza.

"Babu alikuwa kaburini hata udongo haujakauka."

Akaiteremsha karatasi. "Na sisi tukaandika kuelimisha," alisema, si kwa sauti ya redio.

Mwalimu aliwaambia wafungue daftari wajibu upya swali la nne, kila mtu kwa akili yake, bila mwongozo. Nikamwuliza na alama zangu je. Sikujua kwamba nitauliza. Alisema alama zimeshatumwa, haziwezi kubadilika. Nikamwuliza basi anatufundisha ya nini. Mtu hamwulizi mwalimu hivyo huku kwetu, na niliona jirani yangu anafumba macho. Mwalimu alifunga mwongozo wake. Hakunitoa nje.

"Leo sijui nikujibu nini," alisema. "Keti."

Nikainua kiti changu, nikaketi.

Kipindi kilipoisha alinifuata uani. Aliniambia kwamba baada ya mapumziko anasahihisha karatasi hiyo hiyo na mkondo wa pili, niende niseme niliyosema. Nilimwambia siendi. Nilimwambia aseme yeye, yeye ndiye mwalimu, yeye ndiye aliyeniwekea sifuri. Akasema wakisikia kutoka kwake kitakuwa kifungu kingine tu. Nilimchukia kwa kuwa na jibu. Nikasimama pale juani nikamfikiria ata na zile shule zote, nikafikiria Kaaleng, nikaenda.

Mkondo wa pili sikuwajua sana na walinitazama kama mtu aliyekuja kukusanya ada. Nilisema nikitazama dirisha. Nilipomaliza, msichana mmoja wa Namoruputh, anajulikana kwa ubishi, akainua mkono.

"Na wewe je, haja yako ni nini? Si hata wewe umekuja kutushawishi?"

Watu wakaguna. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto, nikataka kutoka. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza, ndivyo sote tulivyofundishwa, na nilikuwa na haja kweli. Nikamwambia ndiyo, nimekuja kuwashawishi. Nataka wakifunga shule waende nyumbani, wamtafute yeyote aliyefanya karatasi hii, wamwambie mjane yule alimlilia mume wake kama inavyotakiwa na shanga ziko shingoni. Sitaki wamwonee huruma. Halafu nikauliza kama kuna mtu wa upande wa Kaaleng.

Mvulana mmoja aliinua mkono polepole, bila kuufikisha juu.

"Kule walishasema sana," alisema. "Mdogo wangu alikuja na karatasi nyumbani. Mama yangu alisema huyo hakuwa mke."

Nilihisi kama nimepigwa. Kwa hiyo ilikuwa imeshafika. Sisi tukingoja alama, maneno yalikuwa yameshafika Kaaleng na kukaa kwenye nyumba za watu.

"Utamwambia?" nilimwuliza.

Alikuna kichwa. "Nitamwambia. Lakini mama yangu akishasema kitu..." Hakumaliza. Waliomjua mama yake walicheka kidogo.

Jumapili mchana matroni aliniazima simu. Nilimpigia shangazi akampa ata. Nilimweleza yote, na sikumficha yale ya Kaaleng, kwa sababu angeyasikia tu.

"Huyo kijana atasema?"

"Amesema atasema."

"Na yule mwanamke wa kamera, ameambiwa?"

Nikamwambia ukweli. Hapana. Simjui jina wala anakoishi, jarida halikuliandika. Mwalimu alikuwa ameahidi kuuliza walikotoa kifungu, lakini sikutaka kumpa ata ahadi ya mtu mwingine. Huyo mwanamke labda ameshamwandika mzee mwingine mahali pengine, na yuko sawa, analala vizuri, anajua alitusaidia.

"Na yule kijana aliyekuja naye?" ata aliuliza. "Yule wa simu?"

Nilisema huyo naye sijui yuko wapi.

"Mimi najua. Mama yake anauza tumbaku hapa sokoni." Nilimsikia akivuta pumzi kama anayeinuka kutoka chini. "Huyo niachie mimi."

Akamrudishia shangazi simu bila kuniaga. Shangazi akaniuliza nimemwambia nini mama wa watu, mbona anatafuta viatu.